Radhi ya Kwenda na Kurudi

Mama alinipa radhi ya kwenda, na akanipa radhi ya kurudi. Radhi ya kufika hakunipa.

Alisema hivyo jikoni kwake, Edmonton, kaskazini mwa London, huku akipaka chokaa jani la tambuu, na wala hakusema kwa hasira. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango, mtu mzima mwenye mvi na binti wa chuo kikuu, nikiomba ruhusa kama mtoto anayetaka kwenda kuogelea. Kwetu Unguja mtu haondoki kwenda mbali bila kumwendea mama yake na kumwambia, mama, niwie radhi. Mama hujibu, radhi nimekupa. Ni maneno mafupi, lakini aliyeyakosa husafiri kama mtu asiyekumbuka kama amefunga mlango wa nyumba.

"Huko unakokwenda ndiyo wapi hasa?" aliniuliza.

"Nepal, mama. Kwenye kambi iliyo chini ya mlima Everest. Wapandaji huanzia pale. Sisi tunafika kambini tu, kisha tunageuka."

"Kwa hiyo hupandi."

"Sipandi."

"Basi unakwenda kutazama wanaopanda."

"Nakwenda kushika jiwe."

Aliacha kupaka chokaa. Nikamweleza, kwa utaratibu, kama ninavyopenda kueleza mambo.

Nafanya kazi katika ghala la vyakula vilivyogandishwa, si mbali na nyumbani. Shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe katika maktaba ya mtaa, kwenye meza iliyo karibu na bomba la joto, siku za mapumziko. Nina kawaida ya kuchukua somo moja na kulimaliza kabla sijagusa jingine. Nilipokuwa kwenye somo la mawe nilisoma kwamba kilele cha Everest, sehemu iliyo juu kuliko zote duniani, ni chokaa ya baharini. Kabla ya kuwapo watu, pale palikuwa sakafu ya bahari. Viumbe vidogo vyenye magamba viliishi, vikafa, vikazama, vikalala juu ya vingine, na baadaye ardhi ikaviinua polepole mpaka vikafika mahali ambapo hata ndege hawakai.

Niliusoma ukurasa ule, nikaurudia. Nyumba niliyozaliwa ilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilala nimeuelekea ukuta, na mahali plasta ilipobanduka niliona ndani ya jiwe umbo la kombe dogo la baharini, nikilipapasa kwa kidole mpaka usingizi unichukue. Na kumbe jiwe la namna ile ndilo lililoko juu ya dunia yote. Tangu siku ile nilitaka kulishika. Kileleni siwezi kwenda, si kwa umri wangu wala kwa mapafu yangu, lakini barafu hushuka kutoka mlimani kama mto mzito, ikibeba mawe ya juu, na kambi imekaa juu ya barafu hiyo hiyo. Nilichotaka ni kuinama pale kambini, niokote jiwe la kijivu lililotoka juu, nilishike.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikunja jani lake, akalitia mdomoni.

"Nenda," akasema. "Radhi ya kwenda nimekupa. Na ya kurudi nimekupa. Usifike tu."

"Mama, nikienda nisifike, nimekwenda kufanya nini?"

"Hilo shauri lako. Mie wanaofika nawajua."

Sikuuliza zaidi, kwa sababu na mimi niliwajua. Baba yangu aliondoka Unguja kwenda Maskati nilipokuwa mtoto. Angetangulia, atafute kazi, kisha atuite. Siku zile watu wa Ghuba hawakuandika sana. Walirekodi sauti zao kwenye kanda na kumpa mtu anayekuja. Kanda yake ilipoletwa tulikaa sakafuni kuizunguka redio, majirani wamejaa mlangoni, na sauti ya baba ikatoka, nyembamba kidogo kuliko ilivyokuwa: nimefika salama. Watu walishangilia. Mama alirudisha kanda nyuma ili tumsikie tena akisema amefika. Baada ya hapo zilikuja kanda chache, kila moja fupi kuliko ya kabla yake, kisha habari kwamba ana nyumba nyingine na watoto wengine, kisha kimya.

Miaka mingi baadaye, mimi na mama tulipokuwa Croydon kwenye ofisi ya uhamiaji, afisa alimwuliza kwa upole amefika lini Uingereza. Mkalimani alilirudia swali. Mama alimtazama tu, na mwisho nikajibu mimi. Wakati ule nilidhani amechoka.

Basi pale jikoni nilianza kuinuka kitini. Binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa asafiri na mimi, alikuwa amesimama kwenye korido akisikiliza. Anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Akaingia, akamwuliza bibi yake, je na yeye? Yeye afike au asifike?

"Wewe fika, mke mwenzangu," mama alisema na uso wake ukafunguka. Ndivyo amwitavyo tangu utotoni, utani wa bibi na mjukuu. "Wewe umezaliwa hapa, utapotelea wapi? Fika, ukamtazame mume wetu. Huenda amejificha huko kwenye barafu."

"Nikimwona nimwambie nini, bibi?"

"Mwambie chai imepoa."

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka, na jambo lenyewe likabaki palepale mezani.

Tulijiandaa kwa miezi. Wikendi tulitembea kando ya Mto Lea, kupita mabwawa makubwa ya maji na nguzo za umeme, mabegi mgongoni. Siku za kazi nilipanda ngazi za jengo letu. Mimi naishi chini, mama anaishi karibu na paa, na nilikuwa nikipanda nikishuka mpaka magoti yalegee, huku majirani wakidhani lifti imeharibika tena. Mke wangu, ambaye hapendi baridi hata ya friji, alisema atabaki kumwangalia mama na hatataka kuona picha za barafu. Habari zilienea msikitini. Mzee mmoja alinishika mkono akaniomba nimwombee goti lake huko ninakokwenda. Nilimweleza kwamba ile si safari ya ibada, naye akasema anajua, lakini kwa kuwa nitakuwa juu, nisiache.

Kilichonishangaza Nepal ni jinsi kila kitu kilivyokuwa kama nimekwisha kukiota. Njia ilipita misituni, ikavuka mito juu ya madaraja ya waya yanayoyumba, kisha miti ikaanza kuwa mifupi, ikawa vichaka, ikawa nyasi, ikawa mawe. Mtu anayesoma peke yake hujua majina ya vitu kabla ya kuviona, kwa hiyo nilitembea nikiyakuta majina yangu yamelala ardhini. Asubuhi mawingu yalikaa bondeni chini yetu, meupe, tambarare, yakiingia na kutoka kwenye mikono ya milima kama maji yanayojaa na kupwa. Nilikuwa nikisimama kuyatazama, na binti yangu akinivuta mkoba.

"Baba, unatabasamu peke yako."

"Natembea chini ya bahari," nilimwambia.

Akamtazama kiongozi wetu, Mnepali mpole mwenye kofia ya sufu, akamwuliza kama hiyo ni dalili ya kukosa hewa. Kiongozi alinipima kwa macho akasema bado.

Nilikuwa nimefanya kosa moja la kimahesabu. Kwa kuwa kazi yangu ni baridi, nilidhani baridi ndiyo nitakayopambana nayo, na kwamba nimekwisha kuizoea. Baridi ilikuwa rafiki wa kawaida. Hewa ndiyo ilikuwa ngeni. Huko juu mtu hulala na pumzi yake ikasimama kidogo, kana kwamba imesahau kazi, kisha ikarudi kwa pupa na kumwamsha. Ndoto huja vipande vipande, zenye rangi kali. Katika mojawapo nilikuwa kwenye ngazi za jengo letu Edmonton, zimejaa maji ya bahari hadi juu, maji safi ya kijani, na mimi napanda ndani yake bila shida, nikipita milango ya majirani. Samaki wadogo walikuwa wakiingia na kutoka kwenye matundu ya barua. Juu kabisa mlango wa mama ulikuwa wazi, na maji yalikomea kwenye kizingiti chake, hayaingii.

Chakula kilinishinda. Harufu ya supu tu ilinitosha. Nilichoweza kula ni visheti alivyonikaangia mama, amevifunga kwenye kopo la aiskrimu lililobanwa kwa mpira. Nilitafuna kimoja kimoja, sukari ikivunjika mdomoni, na binti yangu akawa ananiibia.

Katika nyumba ya wageni ya mwisho, kwenye kijiji chenye mapaa ya bati pembeni ya ziwa lililokauka, palikuwa na mtandao. Nikampigia mama kwa video. Kama kawaida niliona nusu ya paji la uso wake na taa ya jikoni.

"Shusha simu kidogo, mama."

Nikaona dari, kisha sikio.

"Umekula?" sikio liliuliza.

"Nimekula visheti. Mama, kesho ndiyo siku. Kesho tunafika."

"Wanafika wao," akasema. "Wewe vaa soksi mbili."

Ningeweza kumbembeleza. Ningeweza kumwambia kwamba nimetembea mpaka hapa, kwamba kilichobaki ni asubuhi moja, na najua angenipa, kwa sababu mtu aliye mbali akibembeleza hunyimwa kwa shida. Lakini radhi iliyovutwa kwa simu kutoka kwa mwanamke anayeogopa si radhi niliyoitaka.

Asubuhi tulitembea juu ya ukingo wa kifusi kilichosukumwa na barafu, mawe juu ya mawe, njia ikipanda na kushuka bila kwenda popote. Kushoto kwetu barafu ilikuwa bondeni, imejaa vumbi, haionekani kama barafu mpaka ipasuke na kuonyesha rangi ya samawati ndani. Ilikuwa ikilia. Mlio wake niliujua: ndivyo vyumba vya ghalani kwetu vinavyolia feni zikizimwa, kitu kizito kikijigeuza usingizini. Kisha njia ikapinda, na chini yetu, juu ya barafu, tukaziona hema. Zilikuwa nyingi, za manjano na za rangi ya chungwa, ndogo kama punje za wali wa biriani zilizomwagika. Palikuwa na mawe yaliyopangwa na bendera za maombi zikipigwa na upepo. Kutoka pale njia iliteremka hadi kambini.

Nikaketi juu ya jiwe.

"Pumzika kidogo," binti yangu alisema, "kisha tushuke."

"Shuka wewe. Mimi nimekomea hapa."

Alidhani naumwa. Alinishika mkono, akanitazama kucha na midomo kama alivyofundishwa. Nilipomwambia sababu alinyooka.

"Baba. Bibi alikuwa anatania."

"Hakuwa anatania."

"Hata hatajua!"

"Mimi nitajua. Tena nitakapoingia kwake, nimtazame usoni, naye atajua."

"Umesoma vitabu vyote vile," alisema, sauti ikimtetemeka, sijui kwa baridi au kwa hasira. "Umepanda ngazi mwaka mzima. Pale ndipo, baba. Pale. Naziona mpaka kamba za hema."

Kiongozi wetu alisogea kuuliza kuna nini. Binti yangu akamweleza, akitumaini atapata wa kumsaidia. Yule mtu akanigeukia.

"Mama yako amesema usifike?"

"Ndiyo."

"Basi kaa," akasema, kana kwamba nimemwambia kiatu kimenibana. Alitoa chupa yake ya chai ya moto akaiweka kando yangu, akamkokota binti yangu kwa upole, wakateremka.

Sikuogopa laana. Mimi si mtu wa kuogopa vitu visivyopimika. Nilikuwa nikimfikiria mwanamke aliyeketi sakafuni mbele ya redio, akirudisha kanda nyuma. Katika maisha yake watu wameondoka, wakafika, na hakuna aliyemwuliza. Sikuwahi kumwona akimwomba mtu yeyote asimame. Sasa ameomba, na aliyeombwa ni mimi, na kitu alichoniomba nilikuwa nacho mkononi.

Nilikaa pale muda mrefu. Jua lilikuwa kali na upepo baridi, nusu moja ya uso ikichomeka na nyingine ikiganda. Kwa pumzi ile haba fikra hazinyooki. Huelea, hugusana, huachana. Niliona wekundu wa jaketi la binti yangu ukipungua, ukawa doa, ukaingia kati ya hema. Juu ya yote, nyuma ya bega la mlima mwingine, kipande cha kilele kilionekana, cheusi, kikitoa mkia wa theluji. Sakafu ya bahari. Nilikitazama mpaka kikaanza kuonekana kiko karibu, mpaka nikahisi plasta iliyobanduka chini ya kidole. Huenda nililala. Nakumbuka nilisikia redio inabonyezwa, ile sauti ya kitufe kabla kanda haijaanza, kisha haikuanza.

Binti yangu aliporudi alikuwa amelia na amecheka, vyote viwili vilionekana usoni. Alivua glavu akaigeuza juu ya kiganja changu, likaanguka jiwe la kijivu, dogo kuliko yai.

"Nimekuchagulia," alisema. "La kijivu, kama ulivyosema."

Nilirudi London nimekonda. Kutoka kituo cha treni nilipanda moja kwa moja kwa mama, kabla hata ya kufungua begi. Alinipokea mlangoni, akanipapasa mashavu, akalalamika kwamba wamenirudisha mifupa. Akanikalisha kwenye kiti kile kile kifupi. Binti yangu akaegemea friji.

"Haya," mama alisema, akiwa amenipa mgongo, akimimina chai. "Ulifika?"

"Sikufika, mama."

Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye kisosi.

"Alikaa juu ya jiwe," binti yangu alimwambia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alisema kwa Kiswahili, neno moja moja. "Mimi nilikwenda. Yeye alikaa. Nilikasirika sana, bibi."

Mama aligeuka. Hakunitazama mimi, alimtazama mjukuu wake, kama mtu anayetaka shahidi wa pili. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Mie nilijua atafika," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema tu. Nilishajizoesha kwamba atafika." Akafuta kisosi kwa ncha ya kanga. Alikifuta tena ingawa kilikuwa kimekauka.

Ili nisimtazame wakati ule nilitoa jiwe mfukoni na kuomba siki. Jiwe la chokaa likidondoshewa siki hutoa povu. Jiwe jingine halifanyi kitu. Nilianza na ganda la yai, kuhakikisha siki yenyewe ni nzima. Ganda lilitoa vipovu vidogo mara moja, na mama akainama kuvitazama, maana chokaa ni kitu chake, anaila kila siku. Kisha nikadondosha siki juu ya jiwe.

Tulingoja. Siki ilikaa juu yake kama tone la mvua juu ya kioo cha basi. Nikalikwaruza kwa kisu, nikadondosha tena. Lilikuwa zuri, lenye chembe zinazometa, na halikuwahi kuona bahari.

"Vipi?" binti yangu aliuliza.

"Silo," nilisema.

Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mama alitutazama, mimi kisha yeye, kisha jiwe, na kicheko kikaanza tumboni mwake kikapanda kikamtikisa mabega yote. Muda mrefu sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

"Mmoja hakufika," alisema akijifuta machozi, "na mwenziwe kafika kaokota silo! Ukoo gani huu!"

Alipotulia alichukua jiwe, akalipima uzito mkononi, akaliweka dirishani karibu na chungu cha kotimiri.

"Utarudi tena huko," alisema. Sikujua kama ananiuliza.

"Sijui, mama."

"Utarudi. Kalitafute lenyewe, shika kwa mkono wako. Safari hii ufike." Akaninyooshea kidole kilichoingia rangi ya tambuu. "Radhi nimekupa. Zote."

Nimeanza tena kupanda ngazi. Jioni, nikitoka kazini, navaa begi lenye mafurushi ya mchele, napanda hadi karibu na paa, nashuka, napanda. Mama amehamishia kiti chake mlangoni, anamenya vitunguu saumu, na mlango ameuacha wazi ili mwanga umwangukie mtu anayekuja. Kila ninapotokeza kwenye pembe ya ngazi, nikihema, huinua macho.

"Umefika?"

"Bado, mama."

"Haya," husema, na kuendelea kumenya.